Lori Moja, Madaftari Mawili

Busia,
Jumatano, 10 Juni 2026

Dada Athieno,

Edeku amekiri kosa. Taaka, karani wa mahakama kule Tororo, alinipigia simu jana asubuhi akanisomea faili: Jumatatu tarehe 8 mshtakiwa alisimama, akaulizwa mara mbili kama ameelewa, akajibu mara mbili kwamba ni kweli. Nimeitanguliza habari hii mbele ya salamu kwa sababu uko Mbale na mama, na sikutaka uisikie kwa watu wa Nagongera kabla ya kuisikia kwangu.

Sasa nikusalimu. Natumaini goti la mama limeanza kukunjika baada ya upasuaji, na kwamba wewe umepata mahali pa kulala, si benchi la wodi. Shemeji aliniambia mama amerudisha ulimi wake na anawagombeza wauguzi, kwa hiyo najua anaendelea vizuri. Sisi hapa tu wazima. Mtama wa nyuma ya nyumba unatunzwa zaidi na ndege kuliko na sisi. Mke wangu Babra ndiye anayekuletea barua hii mkononi. Nimeandika, sikupiga simu, kwa sababu karatasi inaweza kuonyeshwa mtu wa tatu, na mbele utaona ni kwa nini.

Taaka alisema kwamba baada ya kukiri, Edeku aliulizwa kama ana neno. Alisema, na karani akaandika vilevile: "Mimi nachoka kubishana na mashini. Mashini nasema naiba, basi naiba. Mnipe miezi yangu nirudi kuvuna." Watu wakacheka. Hakimu hakucheka.

Mambo haya unayajua, lakini naomba niyapange upya kwa tarehe.

Kazi yangu ni hii. Mteja wetu yeyote anapofungua kitu kwenye intaneti, ruta, kifaa kinachopitisha mtandao hapa Busia, inaandika mstari mmoja: anwani iliyotuma, anwani iliyopokea, saa ya kuanza, saa ya kuisha, na ukubwa wa data iliyopita. Haiandiki kilichomo. Ni sawa na daftari la geti la forodha nililolishika miaka tisa kabla hujanilipia masomo ya mtandao: namba ya lori, saa, uzito. Chini ya turubai hutazami. Mistari hiyo yote inaingia kwenye seva moja hapa ofisini. Mimi naisoma kwa mambo mawili, kujua mtandao unakwama wapi, na kumpa bosi wetu, Erastus Oguttu, hesabu ya wateja wanaolipa kwa kipimo. Upande wa Tororo karibu wote wanalipa kiasi kimoja kila mwezi. Wanaopimwa ni watatu tu, na kituo chako cha kompyuta ndicho kikubwa.

Mwanzoni mwa Februari ulinipigia ukaniuliza nani anakula mtandao wako. Nilifungua rekodi nikaona matumizi ya kituo yamekuwa mara mbili tangu Jumatatu, tarehe 12 Januari. Mashine zilikuwa zilezile kumi na nne, wanafunzi walewale. Nilikujibu, na maneno ni yangu, si yako, kwamba kuna mtu wa ndani anayewauzia majirani. Ufunguo wa chumba cha mashine ulikuwa kwa Edeku, mtunza kituo wako, kwa mwaka wa sita sasa.

Jumamosi tarehe 21 Februari nilikuja kituoni kwako Nagongera tukakaa naye barazani. Alikuwa amepakata kibodi, anaisafisha kwa brashi ya meno. Alipoambiwa anachoshukiwa alicheka. Alisema simu yake mwenyewe ni mulika mwizi, ya tochi na kupiga tu, hiyo intaneti angemuuzia nani, kuku? Ukamwambia angalau kuku wanalipa kwa mayai. Mkacheka wote wawili, na mimi nikafungua laputopu nikamwonyesha chati. Aliifuata kwa kidole siku baada ya siku. Kisha akasema kwamba mwizi huyu ni wa ajabu, kwa sababu anapima. "Sisi tukitumia kidogo, naye naiba kidogo. Tukitumia sana, naiba sana. Jumapili tukifunga, naye nafunga. Huyu mwizi ni Mkristo, Dada Athieno. Mtafute kanisani."

Tulicheka tena. Ilikuwa ndiyo hoja pekee ya maana iliyosemwa siku hiyo, na aliisema mtu asiyejua kusoma chati, mbele ya mtu anayelipwa kuzisoma.

Mwezi uliofuata ulipeleka malalamiko, na polisi walimchukua Jumatatu, tarehe 23 Machi. Wiki hiyo haijaisha, Jumamosi tarehe 28, matumizi yako yakashuka nusu. Ulinipigia ukasema, "Umeona, mdogo wangu? Mwizi ametoka, na wizi umetoka." Mpelelezi aliomba chati inayoonyesha siku ya kukamatwa na siku ya kushuka. Niliichapisha. Tarehe 14 Aprili nilitia sahihi maelezo ya shahidi, kurasa tatu. Kwa mujibu wa Taaka, wakili wa Edeku alimwambia mteja wake kwamba angeweza kumjibu shahidi yeyote, lakini ile karatasi ya mistari haina majibu. Baada ya siku sabini na saba rumande, akaikubali.

Dada, hakuna mtu aliyeiba.

Januari wateja wa Tororo walilalamika kwamba mvua ikinyesha mtandao unazorota. Ili nijue data inapotelea wapi, tarehe 12 niliiamuru ruta ya Tororo nayo iandike mistari yake, kama ya Busia, na kuituma kwenye seva ileile. Nilifanya kama tulivyofanya getini: lori linaandikwa likitoka Kenya, linaandikwa tena likiingia Uganda, halafu madaftari mawili yanalinganishwa. Uzito ukitofautiana, kuna kitu kimeanguka njiani. Yeyote aliyewahi kushika daftari la mpaka angefanya hivyo bila kufikiri, na mimi sikufikiri. Kosa la mvua nililipata: sahani ya mnara ilikuwa imepinda. Lakini programu ya ankara hailinganishi. Inajumlisha. Ilikuta lori moja katika madaftari mawili ikahesabu malori mawili. Kila ulichotumia kilipimwa Busia, kikapimwa tena Tororo, ukalipishwa vyote. Ndiyo maana mwizi alifunga Jumapili.

Niligundua Ijumaa, tarehe 27 Machi, Edeku akiwa na siku nne mikononi mwa polisi. Nililinganisha jumla yetu na ankara ya wale wanaotuuzia sisi mtandao, nikakuta tumepeleka Tororo zaidi ya tulichonunua. Ghala halitoi magunia kuliko lililopokea. Jioni hiyo nilimweleza Oguttu. Hakupandisha sauti. Alisema nirekebishe kuanzia kesho, ya nyuma niyaache, kwa sababu kaburi halifukuliwi kwa ajili ya shuka. Jumamosi asubuhi nililitoa daftari la Tororo kwenye hesabu ya ankara. Kushuka kule ulikokuona ni mkono wangu. Hakukuhusiana na kuondoka kwa Edeku.

Kwa hiyo tarehe 14 Aprili nilitia sahihi nikijua.

Kuna na hili. Seva yetu ni ndogo. Kila mstari unakaa siku sitini kisha unafutwa, inabaki jumla ya mwezi, ambayo haionyeshi kitu kilihesabiwa wapi. Mistari ya mwisho iliyorudiwa ilifutwa tarehe 27 Mei. Nilikuwa nikizihesabu siku. Flashi ilikuwa kwenye droo, ingetosha. Hakuna aliyenizuia kunakili. Niliogopa kupoteza kazi, na nilikuogopa wewe, uliyewaambia watu wa kwetu, Iyolwa yote, kwamba mdogo wako ndiye aliyeushika mtandao wa mpaka.

Kilichobaki ni mstari mmoja kuhusu hesabu iliyorudiwa, katika daftari langu la kazi, kwa mwandiko wangu, wa tarehe 27 Machi. Oguttu anasema hakumbuki mazungumzo yale. Jana mchana nilimwendea wakili hapa Busia. Alisema aliyekiri ni vigumu kumrudisha nyuma, kwamba daftari la shahidi anayegeuka si rekodi, na kwamba mimi mwenyewe naweza kushtakiwa kwa maelezo ya uongo. Nilimwuliza kuna matumaini kiasi gani. Alisema hanishauri kuyategemea.

Mkewe Edeku, Amulen, amehama Nagongera, amerudi kwao na watoto. Cherehani aliiuza Aprili kumlipa wakili. Pale kituoni kitu kikipotea wanafunzi wanasema Edeku amekipitia. Hata akitoka, sijui atatoka kwenda wapi.

Wewe ndiye mlalamikaji. Kabla hukumu haijasomwa unaweza kuomba kusema. Mimi pia nitaomba. Huenda tusisikilizwe, na tukisikilizwa huenda isibadilishe kitu, kwa kuwa maneno yake mwenyewe yameshaandikwa. Barua hii mwonyeshe yeyote utakayetaka, pamoja na Amulen. Sikuombi unisamehe katika barua hii; nakuomba uje.

Msalimie mama, lakini usimsomee. Mwambie mahindi yake ya Iyolwa nitayaangalia mwisho wa wiki. Shemeji naye umpe salamu zangu, na umwombe akupeleke mapema.

Hukumu ni Alhamisi, tarehe 18 Juni, saa tatu asubuhi, Tororo. Mimi nitakuwa mlangoni saa mbili.

Mdogo wako,
Owori