Malkia wa Magogoni Hakuolewa

Shoga yangu Saumu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, na mimi hapa nimekaa na kalamu sijui nikuulize nini. Basi nitasema yangu. Mimi niko. Goti la kulia laniuma, biashara ya mbaazi na mahamri yaenda, wajukuu wamezidi kelele. Huu mwandiko usinicheke. Wajua shule nilitoka darasa la tatu, na wewe ndiye uliyekuwa mkono wangu wa kuandikia. Mpaka ile barua ya kumtukana mume wangu wa kwanza uliniandikia wewe, ukaipamba hata alipoisoma akadhani nataka turudiane.

Nina jambo la kukwambia, ni baya, na nimelifanya mimi. Lakini niache nizunguke kidogo kwanza. Wanijua.

Chumba chako kakako Athumani amempangisha mwalimu mmoja wa bara. Kijana mzuri, hana neno na mtu. Pale penye kitanda chako ameweka baiskeli. Siku hizi nikitoka kuuza napita upande wa pili wa njia nisiione. Miaka minane, Saumu, kila siku baada ya alasiri naingia mlango ule na beseni langu tupu, bila hodi, na hata sijaketi washaniambia, "Haya, lete."

Nami nalileta. Magogoni yote waniita mmbeya, na ni kweli, sikatai. Lakini wengine walitaka kujua nani kaachwa na nani, basi. Wewe ulitaka kila kitu. Bi harusi alilia kweli au alijikamua? Pilau ilitiwa zabibu? Mama mtu alivaa leso gani, na ilikuwa mpya au ya kuazima? Mimi nikaanza kuangalia vitu ambavyo sikuwa naviangalia, kwa sababu najua nikirudi utaniuliza. Kisha unachukua kadi ya salamu za redio, unaiweka juu ya sinia magotini, unaandika: Naitwa Malkia wa Magogoni, nikiwa harusini Likoni, nawasalimu wafuatao.

Wewe ambaye miguu ililala tangu siku ile ya kujifungua, mtoto akaenda na miguu ikaenda, na mlango ule hukuuvuka tena ila kwa kubebwa. Redioni ulikuwa hushikiki. Leo uko Likoni, kesho uko Kongowea wachagua maembe, keshokutwa uko Utange wapunga upepo. Nilikwambia siku moja, "Saumu, watu watakuja kukutafuta huko unakosema uko." Ukanijibu bila kuinua kichwa, "Wakinikosa watasema nimeshaondoka."

Na wale rafiki zako. Dada Zuhura wa Lamu, Baba Pendo wa Kitui, na yule Mzee Kijana wa Voi. Hakuna aliyewahi kumuona mwenziwe, wala kuijua sauti yake, maana sauti ni ya mtangazaji, nyote mwasema kwa mdomo wake mmoja. Mimi nilikuwa naona ni mchezo wa watoto. Lakini Baba Pendo aliponyamaza wiki tatu hukula vizuri mpaka alipotokea tena akasema alikuwa amelazwa. Na Mzee Kijana, kila kadi yake, jina lako ndilo la kwanza. Nikikutania, "Huyo akutaka huyo," wanirushia mto. Lakini kadi yake ikisomwa hutaki mtu akohoe.

Siku ile wanakuchukua kukupeleka hospitali ulinipa bahasha kubwa. Kadi tisa, zimeshajazwa, zimeshatiwa stempu. Ukaniambia, "Kila Ijumaa moja. Usizitie zote pamoja, watanichoka." Nikajua hapo kwamba wewe mwenyewe ushajua. Nikafanya kama sijajua. Ukafariki siku ya pili, alfajiri, na adhuhuri ukazikwa.

Athumani alipeleka tangazo. Likasomwa kesho yake baada ya habari za saa saba: Saumu binti Mbwana wa Magogoni, dadake fulani, shangazi ya fulani. Sisi tuko matangani, twasikia kwa redio ya jirani, ukuta ni mmoja. Jirani hakuizima. Alasiri kikaja kipindi cha salamu, na ile kadi niliyokutilia posta wiki ya nyuma ikasomwa. Malkia wa Magogoni, akiwa kwenye ngoma ya vugo huko Likoni, amsalimu Mzee Kijana wa Voi, na ujumbe wake ni kwamba amecheza mpaka kiatu kimekatika ukanda.

Mama mmoja pale mkekani, sitamtaja, akasonya akasema, "Na huyu naye, mwanamke mzima, kazi yake kurandaranda." Wenzake wakaitikia. Walikuwa wamekuja kukulilia wewe, Saumu, nao wakuteta wewe. Hakuna aliyejua ila mimi. Na mimi, mdomo huu usio na mlango, nikanyamaza. Nilijifunika leso usoni, wakadhani nalia, na sijui mpaka leo nilikuwa nalia au nacheka.

Sasa fikiri na hao rafiki zako. Wamesikia tangazo la kifo cha Saumu binti Mbwana kama mimi nilivyosikia. Wamesema pole yao, wameendelea na kazi, kisha wamekaa kungoja Malkia yuko wapi leo. Hilo sikulifikiri siku ile. Nililifikiri baadaye sana.

Zile kadi tisa nilizitia posta. Uliniambia kila Ijumaa moja, na hukuniambia ukifa niache. Ijumaa ya kumi nikajikuta nimesimama dukani nanunua kadi mpya. Nikaandika kwa jina lako. Nilikuwa nimetoka kwenye maulidi Mtopanga, nimeona mambo, nimerudi nayo yamenijaa kifuani, sina pa kuyatua. Nikayatua mle. Mtangazaji akaisoma kwa kukwamakwama, akasema, "Malkia leo nadhani ameandikia juu ya baiskeli." Nikasema basi, hii ya mwisho. Wiki ya pili nikanunua nyingine.

Miezi, Saumu. Sikutaka kumdanganya mtu. Nilitaka tu jina lile lisikike, nipate siku moja katika wiki ambayo wewe uko mahali.

Halafu Mzee Kijana akatuma salamu kwamba Idi hii atashuka Mombasa, na atafika Magogoni kumuona Malkia kwa macho. Nilikuwa nachota mbaazi, mwiko ukaniponyoka. Nikajisemea ni maneno ya redio, nani atatoka Voi kwa salamu.

Alikuja Idi pili. Mtu mzima, mwembamba, kofia ya pama, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, na chupa ya asali amezungushia gazeti. Amezunguka mtaa mzima akiuliza. Vijana wa kona wamemwambia, "Mzee, huku kila mwanamke ni malkia, wewe sema wa nyumba gani." Mwisho wakamleta kwangu, maana ikiwa kuna mtu ajuaye watu, ni mimi.

Nikamtilia mbaazi, nikampa mahamri mawili. Akauliza kwa adabu, "Mama, nimeambiwa wewe utanionyesha kwa Malkia." Nilikuwa na nafasi hapo, wallahi. Neno moja tu. Badala yake mdomo ukafunguka wenyewe. Nikamwambia ameolewa, yuko Unguja. Na kama kawaida yangu sikuishia hapo. Nikampa mume mwenye duka la vitambaa, nikampa nyumba ya ghorofa, nikampa mpaka paka wa nyumba hiyo. Nilivyozidi kupamba, ndivyo yule mtu alivyozidi kula polepole, mpaka akaacha. Akasema, "Basi Mungu ambariki." Akaniwekea ile asali. "Akija kuwatembelea, mpe." Akaenda zake, na mbaazi zimebaki nusu sahani.

Ungekuwa uko ungeniambia, "Mwanakombo, umefanya nini sasa?" Sikuwa na wa kuniambia.

Wiki mbili baadaye yeye mwenyewe akatuma kadi, kumtakia Malkia maisha mema ya ndoa. Basi. Ikawa kama bomba limepasuka. Dada Zuhura wa Lamu, hongera Malkia. Baba Pendo wa Kitui, hongera Malkia, usitusahau huko. Watu hata siwajui, wa Garsen, wa Taveta, wa Kilifi, kila siku hongera. Mmoja akakutakia mtoto wa kiume. Mimi niko barazani na redio, wateja wananiuliza mbona sisemi, nina homa?

Nikahesabu moyoni. Wale wote wakupendao, wanakupigia vigelegele, na hata mmoja hajakuombea dua. Umelala kule, na dua unazopata ni zangu na za Athumani, na Athumani wamjua kwa kusahau. Hitima yako walikuja watu wa mtaa ambao walikuwa hawapiti hata kukujulia hali. Na wale waliokuwa wakikosa usingizi ukinyamaza, mimi nimewazuia mlangoni. Hilo ndilo nililokufanyia, Saumu. Nimekunyima watu wako.

Nikamwandikia Mzee Kijana. Sanduku lake la posta lilikuwa limeandikwa mwisho wa daftari lako la salamu, lile nililobaki nalo. Niliandika mara nne, nikachana tatu. Iliyobaki ilikuwa fupi: Malkia hakuolewa. Alifariki, na siku ulipokuja alikuwa ameshafariki. Mimi ndiye niliyekudanganya na ndiye niliyekuwa nikiandika. Njoo nikueleze, au usije.

Alikuja Jumamosi. Safari hii sikumtilia chakula, niliona haya. Nilijitayarisha kutukanwa, na ningemwachia atukane. Alikaa, kofia mkononi, akauliza kitu kimoja. Alitaka kujua kadi ya mwisho yako wewe, ya mkono wako, ilikuwa ipi. Nikamwambia, "Ile ya kuwa uko Kilindini watazama meli za taa." Akafikiri, akasema, "Hiyo niliisikia nikiwa shambani." Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata mahali pa kuweka mzigo. Zile zangu zilizofuata hakuziuliza tena.

Nikaona nikianza kusema nimalize. Nikamwambia habari ya miguu. Kwamba Likoni hukwenda, Kilindini hukwenda, hata kwangu, nyumba ya nne kutoka kwako, hukuwahi kufika. Nilidhani atakasirika hapo ikiwa hakukasirika kule. Akatabasamu kidogo. "Mama, mtu aende harusini acheze, halafu akumbuke leso ya kila mwanamke na nani hakupewa nyama? Nilijua anasimuliwa. Nilikuwa nikijiuliza tu ni nani amsimuliaye."

 

Akaomba apelekwe kaburini. Nilimwita Athumani, nikamweleza yote mbele ya yule mgeni, pamoja na Malkia, ambaye kakako alikuwa akimsikia redioni miaka yote na kumwita mwanamke asiye na kwao. Athumani akakaa chini kwenye kizingiti. Aliuliza, "Saumu wangu?" Nikamwambia ndiye. Kisha akasimama, akajipangusa, akamwambia yule mtu, "Twende, bwana."

Wajua sisi wanawake hatuingii kule kuzika, na mimi tangu siku ile sikujua hata uko safu ipi. Niliwafuata mpaka ukutani, nikasimama njiani. Ukuta ni mfupi, nikawaona. Athumani akatoa salamu ya makaburini, akainua mikono, akasoma. Yule mgeni si wa dini yetu, hakujua aitikie wapi, akasimama tu na kofia kifuani mpaka Athumani alipomaliza. Nikadhani watatoka. Lakini yeye akasogea mbele hatua moja, akainama kidogo, kama mtu anayemsemesha aliyeketi chini.

Akasema, "Mimi naitwa Mwakio. Nimetoka Voi."

Akangoja. Wallahi alingoja, Saumu, na Athumani pia akangoja naye. Kisha akasema, "Samahani nimechelewa."

Sasa mwenzangu, nikuage. Kadi kwa jina lako siandiki tena. Nimeshamwandikia Dada Zuhura wa Lamu, jana, kurasa mbili, nimemwambia jina lako la kweli na la baba yako. Baba Pendo bado, wa Garsen bado, wa Taveta bado, na wengine kwenye daftari lako nimewahesabu kumi na mmoja. Nakuahidi nitawafikia wote, mmoja mmoja, kwa mwandiko huuhuu. Wakinikasirikia, na wanikasirikie. Bora wakuombee.

Mungu akulaze pema, shoga yangu.

Mwenzio,
Mwanakombo