Sanduku Halikuungua

Mpendwa mshauri,

Jumanne ya wiki iliyopita, kati ya saa nane na robo na saa tisa kasoro tano mchana, nilipoteza hati sita na barua moja, yaani karatasi zote za familia yangu, na naomba msaada kwa sababu nimebakiwa na siku nne na akili imegoma. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nilianza na koleo la kuazima, leo nina karakana, na sanduku la hati nililiunda mwenyewe kwa bamba la milimita tatu, nikalizamisha kwenye pipa la maji siku mbili likatoka kavu ndani, ndipo majirani wakanibandika jina la Benki, wakacheka, lakini masanduku wakanunua, arobaini na moja. Hati nikazipeleka stesheneri zikafunikwa plastiki ngumu, na ndani ya mfuniko nikagongelea namba ya kila hati kwa chapa za chuma, tarakimu mojamoja, asije mtu akanibadilishia.

Shoti ya umeme ikaanzia chumba hichohicho lilimokaa sanduku. Zimamoto walipomaliza nikalikuta sanduku limesimama, halijapinda, nikashukuru. Kufungua, nikakuta tofali jeusi. Chuma kimegeuka oveni, plastiki imeyeyuka, karatasi saba zimekuwa moja.

Kinachoniua ni cheti cha mtihani cha binti yangu. Amepata nafasi chuo cha uuguzi, Jumatatu anatakiwa nacho mkononi. Mara tatu aliniomba akakitolee nakala, mara tatu nikamwambia, "Cheti hakitembei, mwanangu." Hata kukipiga picha kwa simu nilimkataza, niliogopa matapeli. Sasa yuko kwa shangazi yake, Jumamosi anarudi kukichukua. Jana kapiga.

"Baba, nasikia mmeungua! Cheti changu je?"

"Sanduku liko salama."

"Baba, nimeuliza cheti."

"Chuma hakiungui, mwanangu."

Akacheka, "Basi Benki haijafilisika!" Nimemlea peke yangu miaka kumi na tatu tangu mama yake afariki, sijawahi kumdanganya, na barua aliyoachiwa na mama yake imo ndani ya tofali hilo.

Sitaki kubembelezwa. Nimwambie, au kwanza nilibandue tofali kwa kisu cha moto? Nijibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Fundi Benki

*

Fundi,

Mwambie. Leo hii, kwa simu.

Pole, tena pole ya kweli. Lakini umenikasirisha. Sanduku umelijaribu kwa maji siku mbili, kwa moto hukulijaribu hata dakika mbili, na wewe ndiye unayeshinda na moto! Hujui bamba likipata moto upande huu, upande wa pili halishikiki?

Kisu weka chini. Ukilibandua utabaki na majivu. Liache lilivyo, ndio ushahidi wako.

Sasa soma barua yako mwenyewe. Namba umezigonga kwenye mfuniko. Uliogopa mwizi, kumbe ulikuwa unajiwekea akiba. Chukua brashi ya waya, safisha masizi, nakili namba ya cheti, umtumie binti. Wewe nenda polisi na zimamoto ukachukue barua za tukio, yeye aende ofisi ya mitihani kuomba uthibitisho, na Jumatatu afike chuoni na risiti ya maombi aombe muda. Watampa? Sijui, siwezi kukuahidi. Ila leo ni Alhamisi: akijua leo, ana siku moja ya ofisi. Akijua Jumamosi, hana hata moja. Wewe ni mtu wa hesabu, piga.

Barua ya mama yake haina namba. Hiyo imekwenda. Umwambie wewe, asije akaigundua mwenyewe.

Hati mpya zikitoka, plastiki ngumu waachie wenye menyu za hoteli. Toa nakala, moja ikae kwa shangazi, piga picha kila ukurasa, na sanduku likae mbali na jiko na nyaya. Na wale arobaini na moja wanaoamini chuma chako, nao wapigie, mmojammoja.

Nami nataka jibu kabla ya saa kumi leo: umempigia au hujampigia. Na akikuuliza cheti, usimjibu sanduku.