Hita Ambayo Haikulala Kwenye Ukungu

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje tangu uniachie banda la ufundi? Wifi na watoto wazima? Sisi huku Makambako Mungu anatutunza, ila mimi tangu asubuhi nina jambo zito. Nimekupigia hupatikani, nadhani uko bondeni shambani. Ndiyo maana nampa kondakta wa basi la Ludewa barua hii.

Kaka, unakumbuka uliponifundisha ile mashine ya kupimia? Ulinitisha kwanza. Ulisema inasukuma umeme mkali kuliko wa ukutani, kusudi kama kinga ya ndani ya kifaa ni mbovu, iumbuke mbele ya fundi na si mikononi mwa mwenye mali. Mshale ukipanda kinga ni nzima, ukilala umeme unavuja. Nilipima pasi ya mchungaji huku nimefumba macho. Ukacheka, ukaniambia macho yafumbwe kwenye sala, kwenye mshale yafunguliwe.

Na hizi hita za kutumbukiza kwenye ndoo ndizo zilizotusumbua kuliko vyote. Unyevu wa baridi ya kwetu unaingia mpaka kwenye ule unga wa ndani unaokinga umeme, mshale haupandi. Tukawa tunazikausha kando ya jiko la mkaa, wateja wakituuliza kama leo tumepika hita badala ya ugali. Zikikauka zinapima vizuri. Lakini wewe hukuwapa wenyewe hapo hapo. Ulizilaza barazani kwenye ukungu, asubuhi ukapima tena. Yule mzee wa Kitandililo alikuja juu, akataka kujua hita yake imekosa nini hata ilale nje kama mbwa. Ukamjibu, "Baba, bafuni kwako kuna unyevu kuliko hapa. Kama ina ufa, nataka unyevu uupate hapa kwangu."

Sasa nisikilize bila kunigombeza. Jana asubuhi alikuja Mama Tumaini, yule mwenye mtoto mchanga, kuchukua hita yake. Nilikuwa nimeikausha jikoni, mshale ukapanda vizuri kabisa. Haikuwa imelala nje. Nikamwambia aiache mpaka leo. Akasema, "Dada, gari linaondoka, na huko kwa mama yangu mtoto ataoga maji gani?" Nikamhurumia. Nikabandika kile kikaratasi cha IMEPIMWA, nikamfungia kwenye mfuko, nikamwombea safari njema.

Leo nimepima nyingine ya aina hiyo hiyo, niliyoilaza barazani. Jana ilipita, leo mshale umelala chini kabisa. Nimeigeuza, nikaona ufa kwenye gundi pale waya unapoingia. Kaka, ya Mama Tumaini nayo ilikuwa na alama pale pale. Niliiona. Nilijiambia ni masizi ya jiko, sikuifuta hata kwa kidole. Hili sijamwambia mtu, nimemwambia Mungu na wewe.

Simu ya Mama Tumaini nayo haiingii. Tangu hapo sijala. Kila nikifumba macho nisali namwona anatumbukiza mkono kwenye ndoo kusikia kama maji yamepata joto la mtoto, hita ikiwa ndani bado, kama tufanyavyo kina mama wote. Nimejaribu kusoma zaburi, maneno hayaingii. Nimefunga banda, mashine nimeifunika na kanga. Siogopi lawama, kaka, nazistahili. Naogopa ule mkono ndani ya ndoo.

Mama Tumaini amekwenda kwa mama yake kijijini kwenu, nyumba ya pili nyuma ya kanisa. Mwenyewe alinitania kwamba anakwenda kuwa jirani ya fundi mkubwa. Tafadhali ukipata barua hii acha jembe, nenda. Ukikuta hita iko kwenye maji, usimsalimu kwanza, mwambie asiguse ndoo, wewe uchomoe ukutani. Halafu uichukue kabisa, hata akikuambia mbona jana imefanya kazi. Mwambie ni mimi niliyekosea, jina langu ulitaje. Maji ya mtoto wayachemshe kwa kuni.

Bwana akutangulie njiani. Kondakta anarudi kesho. Nimemwomba asiondoke huko bila jibu lako. Niandikie hata mstari mmoja, uniambie umewakuta wote wawili wazima. Nitakuwa stendi namsubiri.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Rehema