Aliyefukuzwa kwa Kosa Langu

Mama Viola, nisaidie, maana neno hili siwezi kumwambia mtu hapa Koboko, hata mume wangu ambaye ni katekista. Mwaka 1971 kanisa letu lilikuwa na nyumba ya kupokea wakimbizi kutoka Sudani, na mimi ndiye niliyeshika funguo, nikipika uji na kugawa mablanketi, na sheria ya kamati ilikuwa moja tu, asirudishwe mtu, na kweli hatukumrudisha mtu mpaka mchana mmoja wa mvua alipofika mwanamke aitwaye Keji na binti yake mdogo mwenye surua, nami nilikuwa na mtoto wangu wa miezi minne mgongoni, nikaogopa, nikabaki ndani nikamwambia mlinzi wetu Adrabo, "Waambie hapa iko jaa."

Adrabo akaniangalia. "Mama, lakini chumba moja iko wazi."

"Mimi nasema iko jaa! Waende Kuluva, kule iko hospitali."

Akatii. Nilimsikia Keji akilia getini, kisha wakaondoka kwa miguu, safari ya siku mbili. Lori liliwaokota njiani, na huko Kuluva mtoto akapona, ila surua ilikuwa imeshampofusha macho yote mawili. Habari zilipotufikia, Mchungaji Enoch aliita kamati akauliza nani alifunga mlango. Adrabo akasema, "Mama ndiye alinituma," nami nikasema mbele ya wazee, "Sikujua hata kama watu walifika," wakaniamini mimi mke wa katekista, yeye wakamfukuza kazi kwa kosa la kuwa na roho mbaya na tena mwongo.

Sasa ni 1977, kamati inaandika historia ya nyumba ile, wameniandika kuwa mama asiyemrudisha mtu, na mwezi ujao watanisimamisha kanisani nipongezwe. Wiki iliyopita nilikutana na Adrabo sokoni Arua, ameleta muhogo wake kwa baiskeli kutoka Ayivu, akanisalimia kwa heshima akauliza, "Mama, mtoto yako ile iko mzima?" Nikakimbia. Je, niseme, nimwaibishe mume wangu na kanisa, au ninyamaze tu nimwachie Mungu?

Mimi Mwenye Aibu, Koboko

MAMA VIOLA ANAJIBU:

Dada yangu, kumwogopea mtoto mchanga surua si dhambi, mama yeyote angetetemeka. Lakini ulikuwa na chumba kitupu, ungeweza kuwaweka humo peke yao na wewe ukahamia kwa jirani na mwanao. Hukufanya hivyo. Hata hilo ningelielewa. Nisiloelewa ni ule uongo wa mbele ya wazee, maana siku hiyo hukuwa na mtoto mgonjwa getini, ulikuwa na jina lako tu la kulinda. Na usimsukumie Mungu kazi yako!

Mwambie mumeo leo, kabla hajaambiwa na mwingine. Kisha panda basi uende Ayivu, nyumbani kwa Adrabo, useme mbele ya mke wake na watoto wake kwamba baba yao alisema kweli. Usilie sana ukamlazimisha akubembeleze. Asipokusamehe, ni haki yake. Ukitoka hapo nenda Kuluva ukaulize Keji alielekea wapi na binti yake, maana naye anadaiwa neno kutoka kwako.

Siku ya pongezi usikae nyumbani ukasingizia malaria. Simama, sema yote, uombe jina la Adrabo lisafishwe kwenye historia hiyo. Na mchungaji akitaka jambo lifunikwe ili kanisa lisiaibike, mwambie kwa upole: ninyi mlimwamini mwongo, mkamfukuza mkweli, nanyi mna toba yenu.