Mswaki Wenye Taa Nyekundu na Harusi Iliyosimama

Shangazi Nkatha mpendwa, salamu kutoka Clairwood, hapa Durban, nakuandikia kwa sababu kusema siwezi vizuri, mdomo unauma, na naomba unisaidie kabla mswaki haujanikosesha mke.

Mimi naitwa Zénon, mtu wa Uvira, Kongo, napanga mizigo kwenye ghala moja huku karibu na bandari, na mchumba wangu ni Ninahazwe, Mrundi, anasuka nywele kwenye saluni mjini. Miezi miwili iliyopita tulikuwa tunakunywa chai, nikamsogelea, akanigeuzia shavu, nikamuuliza kuna nini, akasema, "Chéri, sitakuficha. Mdomo yako inanuka." Shangazi, niliumia kama mtu aliyepigwa kofi kanisani, maana mimi napiga mswaki kila asubuhi, tena nikitema naona damu, na siku zote nilijua damu ni uchafu unatoka.

Basi nikaenda soko la Warwick kwa rafiki yangu Peguy, anayeuza simu na vitu vya kuchaji, nikamwambia nataka mswaki wa umeme wenye nguvu kushinda yote, akanionyesha miwili, wa kwanza ulikuwa na nywele laini unanguruma kama nyuki aliyechoka, nikaudharau, nikachukua wa pili wenye nywele ngumu, ambao ukiukandamiza unawaka taa nyekundu. Nikamuuliza hiyo taa ni ya nini, akanijibu, "Grand, ikiwaka nyekundu ujue iko inapiga kazi." Kwa hiyo kila siku nakandamiza mpaka iwake, isipowaka naongeza mkono, dakika saba, nane, kama mtu anayesugua sufuria iliyoungulia maharage.

Jumapili iliyopita baada ya ibada Ninahazwe akanipeleka kwa tantine, yaani shangazi yake, Mama Akimana, aliyemlea tangu mdogo, ili nijitambulishe, na mimi nilivaa shati jeupe, nikapiga mswaki taa nyekundu mwanzo mpaka mwisho. Tukaletewa mahindi ya kuchemsha, nikauma, hindi likawa jekundu, nikaligeuza upande wa pili kwenye sahani, hakuna aliyeona, lakini tantine akatoa mzaha nikacheka kwa meno yote, damu ikachuruzika mpaka kwenye kola. Tantine akasimama. "Ninahazwe, tunakuoza kwa mtu ao kwa simba?" Mjomba mmoja akasema hicho ni kifua kikuu, akaenda kufungua madirisha yote.

Nje Ninahazwe akaniambia, "Nilikuambia uoshe mdomo, sikukuambia uchinje." Akaniuliza kama nimewahi kwenda kwa daktari wa meno, nikasema nimeenda mwezi uliopita na amesema niko sharp, sina tatizo. Ni uongo, Shangazi. Sijakanyaga huko tangu nina miaka tisa, siku niliyong'olewa jino Uvira huku wanaume watatu wamenikalia. Sasa tantine amesema hakuna mazungumzo ya ndoa mpaka aone karatasi ya daktari, na karatasi sina, na Peguy anasema ameleta mswaki mpya wa spidi tano. Je, niununue huo, au nirudie mkaa na chumvi kama nyumbani?

Zénon


Zénon mwanangu,

Eish. Nimecheka, nikajilaumu, nikacheka tena. Pole kwa kola.

Tuanze na hiyo taa. Wewe unaishi Durban. Robot, ile taa ya magari, ikiwaka nyekundu pale barabarani unafanya nini, unaongeza mwendo? Taa ya mswaki inakupigia kelele kwamba unakandamiza mno, acha! Umekuwa ukiombwa huruma na kifaa cha plastiki kwa miezi miwili, nawe unakiongezea mkono. Na Peguy mpendwa, anajua betri, hajui ufizi. Spidi tano unazitaka za nini, unakwenda wapi?

Ule mswaki ulioudharau ndio wako. Nywele laini, ila hakikisha una kichwa kidogo kinachofika magego ya nyuma, taa ya kukuonya, na kengele ya kukuambia dakika mbili zimetimia. Ukiwa wa kuzunguka au wa kutetema, yote sawa. Uweke pale jino linapokutana na ufizi, ushike kama unavyoshika yai, uuache ufanye kazi wenyewe, wewe sogeza tu. Asubuhi na kabla ya kulala. Pitisha uzi wa meno katikati, ulimi nao usugue. Kichwa kibadilishe kila baada ya miezi mitatu, au mapema nywele zikilala. Mkaa waachie wachoma nyama.

Lakini nisikilize vizuri, maana hapa sicheki. Ulikuwa unatoka damu kabla hujaujua mswaki wa umeme. Damu si uchafu unaotoka, ni ufizi unaoumwa, na yaelekea harufu inatoka huko huko. Ukoga ukishakuwa mgumu kama jiwe, hakuna mswaki unaoutoa, hata wa spidi mia. Unatolewa na mtu mwenye vifaa. Tantine anauliza amwoze binti kwa nani. Mimi nakwambia ukiendelea kujificha, yatakayooza kwanza ni meno.

Unaogopa, naelewa. Mtoto wa miaka tisa aliyekaliwa na wanaume watatu ana haki ya kuogopa. Ila sasa una miaka yako na kuna sindano ya ganzi. Mwambie daktari mapema kwamba unaogopa. Wewe si wa kwanza.

Kilichonikera ni ule uongo. Msichana amekuambia ukweli ambao marafiki zako wote wameumeza, kisha bado akakushika mkono akakupeleka kwao. Huyo unamdanganya kwa lipi?

Leo hii mpigie Ninahazwe, umwambie hujaenda, na sababu yake. Wiki hii omba ruhusa kazini, nenda kliniki ya meno, na yeye akusindikize mpaka mlangoni. Akikuona unatetemeka, mwache aone. Karatasi ya Mama Akimana mtaipata mkiwa wawili.

Shangazi Nkatha