Mbuzi Aliyekabidhiwa Wageni wa Usharika

KITUO KIDOGO CHA POLISI KIMAWE, MOSHI VIJIJINI
Maelezo ya shahidi, shauri la wizi wa mbuzi
Jumatatu, 15 Agosti 1994, saa 3.40 asubuhi

Jina: Anaeli Ebenezeri Mmari (mwanamke). Umri: miaka 54. Kazi: mkulima wa kahawa na migomba, pia mpishi wa kituo cha watoto yatima cha usharika. Dini: Mkristo, Mlutheri. Makazi: Kimawe.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa na mtu, nimekuja mwenyewe, hata aproni nimesahau kuivua. Nimekuja kwa ajili ya Filemon, mlinzi wa kanisa, mdogo wa marehemu mume wangu. Yuko mahabusu hapa tangu jana, anadaiwa kuiba mbuzi wa Mzee Eliudi. Filemon hakuiba. Mbuzi huyo nimemwona leo, yu hai, anakula majani ya mgomba.

Mnamo tarehe 1 Agosti tulipokea wageni wa kanisa kutoka Denmark, waliokuja kujitolea kupaka rangi bweni la watoto. Rangi nyingi iliishia kwenye nguo zao, lakini moyo walikuwa nao. Yupo mmoja, Mama Kirsten, mwalimu mstaafu, mkubwa wao wote. Huyo aliwakata watoto kucha mmoja mmoja, na kila asubuhi alichungulia vikombe vyao, akiona chai ya rangi anatikisa kichwa. Kiswahili chake ni maneno mawili, "watoto" na "maziwa". Nampenda, sifichi.

Jumamosi tarehe 13, saa kumi na moja jioni, wageni walionyeshwa mbuzi wao wa kuagwa. Kwetu mgeni wa heshima huonyeshwa mbuzi akiwa hai, ndipo achinjwe kesho yake. Mzee Eliudi, ambaye ni mzee wa kanisa, alimtoa mbuzi wake mnono. Alimpa Mama Kirsten kamba mkononi, akasema, "Mbuzi huyu ni wenu." Mwinjilisti akatafsiri hivyo hivyo, hakuongeza neno. Mama Kirsten alilia, akamkumbatia mbuzi shingoni. Sisi tukapiga vigelegele tukidhani ameelewa. Mbuzi alifungwa uani kwa kanisa, ufunguo wa geti akabaki nao Filemon.

Jumapili ibada ilianza saa nne. Tulipotoka, maji yalikuwa yameshachemka na visu vimenolewa, lakini mbuzi hayupo. Mzee Eliudi ana hasira za karibu. Alimkunja Filemon shati, akasema, "Ufunguo unao wewe. Mbuzi wangu yuko wapi?" Filemon akajibu, "Sijui, mzee. Nilisinzia." Wageni hawakuambiwa kitu, maana ni aibu kumwambia mgeni kwamba mbuzi wake ameibwa. Tulichinja kuku harakaharaka, wakala, wakashukuru. Filemon akaletwa hapa. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mwenyeji amelala sakafuni.

Jioni nilimletea kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage. Nilimwuliza kulikoni, akasema tu, "Shemeji, acha hivyo hivyo." Nilikasirika sana, kwa sababu tangu nimeolewa katika ukoo ule sijawahi kumwona Filemon akisinzia lindoni.

Leo saa moja asubuhi nilishuka kituo cha watoto kupika uji. Nyuma ya jiko nilimkuta Mama Kirsten amechuchumaa na sufuria, anampapasa mbuzi wa Mzee Eliudi chini ya tumbo akitafuta chuchu. Watoto wamemzunguka na vikombe. Afande, mbuzi yule ni dume, tena amehasiwa. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Akaniambia, "Maziwa, watoto," uso umemchangamka, nami nikakosa moyo wa kumsahihisha.

Aliyenieleza ni Kindness, binti anayelala na watoto, ambaye jana hakupanda kanisani. Kwaya zikiwa zinaimba, Mama Kirsten alishuka na mbuzi, na Filemon ndiye aliyemshikia kamba mpaka mlangoni, kisha akarudi lindoni mbio. Kusikia hivyo, kicheko kiliniisha.

Nilipofika hapa nilimwuliza Filemon dirishani kwa nini hakusema. Alijibu, "Ningesema nini, Shemeji? Kwamba mgeni wa kanisa amechukua mbuzi wa watu? Usimtaje. Mimi ni wa hapa, watanisema, watachoka. Yeye anapanda ndege leo jioni, atajitetea lini?" Nilimwambia yeye ni mjinga, nikalia.

Nimeshamtaja, basi niseme na hili: yule mama naye si mwizi. Kamba alipewa mkononi mbele ya usharika mzima, akaambiwa ni wenu. Mtu akikupa chake hadharani, utakiibaje tena? Kama kuna kosa ni letu, tuliodhani dunia nzima inajua mbuzi wa kuonyeshwa ni wa kuliwa. Naomba Filemon atoke, na Mama Kirsten asiitwe hapa. Aende kwao na furaha yake.

Nimesema kwa hiari yangu, nimesomewa nikasikia, na yote ni maneno yangu.

Sahihi: A. E. Mmari

Nimeyaandika mimi, Koplo Wenseslaus, na kumsomea shahidi. Saa tano mlalamikaji, Mzee Eliudi, aliitwa akasomewa pia. Aliuliza kama ni kweli mgeni alitafuta chuchu. Nikamwambia ndivyo ilivyoandikwa. Alicheka mpaka akatoa leso, akafuta malalamiko, akasema mbuzi abaki kwa watoto. Mtuhumiwa alipofunguliwa mlango hakutoka. Aliuliza kwanza kama mgeni ameambiwa. Nilimjibu hajaambiwa, na hapa kituoni hakuna atakayemwambia. Ndipo akaomba viatu vyake.