Kisufuria cha Mama

Jumanne, baada ya Magharibi

Mafuta kwenye damu, tena mimi! Miaka sita chai yangu haijaona sukari, nikajiona hodari. Kumbe kasimile, lile tui zito la kwanza, sikuiacha hata siku moja.

Daktari wa hapa Likoni ni binti mpole. "Mama, kisukari na mafuta huandamana, hasa mtu akiwa mzito na hatembei. Kwenu kuna mwengine aliyekuwa na mafuta?"

"Hakuna," nikamjibu. "Marehemu mama alikuwa na sukari tu."

Niliporudi nyumbani nikakalia mbuzi kukuna nazi, mama akanijia akilini. Kule kwetu mtaa wa Shika Adabu, kasimile yote aliitia kwenye wali wetu. Wake aliupika kando, kwenye kisufuria, kwa tui la mwisho lililo kama maji.

"Mie kasimile siipendi," alikuwa akisema. Nasi tukimcheka, wallahi.

Kumbe alijua ana mafuta. Na hakutwambia...

Kesho inshallah nitarudi kwa daktari nikasahihishe jibu langu.

Kisufuria ninacho, nilikuwa natilia vitunguu. Leo nimekiosha, nikapika wali kama wake, nikauonja.

Hakuna mtu anayeweza kuupenda ule.